Kitufe cha Pili

Jumatatu, 9 Septemba 1991

Miaka thelathini na tatu tangu niondoke Othaya. Baridi ya Eldoret bado haijanizoea. Binti yangu Mwihaki amerudia: chumba changu cha michezo ya video kikikosa wateja mwezi huu, atakifunga na kunipeleka Othaya kwa ndugu yangu. Kule shamba liligawanywa bila mimi. Nitalala stoo, na magunia.

Leo vijana watatu tu. Wengine wako ng'ambo ya barabara, dukani kwa Mama Priscah. Mpwa wake, mkimbiaji, kamletea mtambo wa michezo kutoka Japani. Hapa pana jambo.

Jumanne

Nimekwenda kupeleleza, nikijifanya nataka maziwa. Mtambo wangu unachezwa kwa fimbo iliyosimama na kitufe kimoja chekundu. Unaikaba kama mpini wa jembe. Wake hauna fimbo! Kibao bapa tu, msalaba mdogo kushoto, vitufe viwili kulia. Vidole gumba vinafanya kazi yote. Vijana wanadai mkono hauchoki. Mama Priscah kanikaribisha nijaribu. Kwa nini? Nimejaribu. Tamu mno. Inatia shaka.

Jumatano

Nimeng'amua. Vitufe viwili! Na mwaka huu mtu akiinua vidole viwili barabarani, alama ya kudai vyama vingi, anapandishwa gari la polisi. Nchi ina chama kimoja, mimi nina kitufe kimoja. Nimemweleza naibu wa chifu, Bwana Kipkorir, kwa upole. Ameahidi kuchunguza.

Alhamisi

Alichunguza kutwa nzima. Jioni akaja kwangu akijikanda vidole gumba. Nilidhani anakuja kunishukuru.

"Mzee Gerishon," akasema, "mimi nimeona mchezo wa watoto. Wewe umeona vyama. Sasa kati yetu, nani anawaza vyama?"

Bila shaka Mama Priscah alimnywesha mursik, yale maziwa yao ya kibuyuni.

Jumamosi

Tangu jana mgeni mwenye koti refu ameketi chumbani kwangu. Hachezi. Ananitazama. Vijana walipomwona walitoweka, hata wale watatu. Mwihaki amefunga nguo zangu kwenye sanduku. Nimemwambia azitoe.

Kosa langu sasa nalijua: hesabu. Kimoja kimepitwa na wakati, viwili ni siasa. Nimetoboa kisanduku cha fimbo yangu, nikatia kitufe cha pili na cha tatu, vya kengele ya mlango. Vitatu, nani atalalamika? Mgeni ameandika kitu haraka haraka. Naona amependezwa.

Othaya sitarudi.