Kunyoa Bure Barazani kwa Manubhai

Jumatatu, 1 Machi 1926

Asubuhi Manubhai ametuita mimi na Faraji, akatusimamisha mbele ya duka lake kama washtakiwa. Baraza lake halitoshi vinyozi wawili. Jumamosi atamwachia mmoja: yule anayeleta watu wengi, maana anayesubiri kunyolewa hununua tumbaku na sukari. Mwingine aende zake. Aende wapi? Masika iko mlangoni, na mimi sina paa jingine hapa Kisumu la kuweka kiti changu.

Faraji ana kioo kirefu kilichokuja kwa meli. Watu huenda kujitazama tu, kisha wanaona haya kuondoka bila kunyolewa. Mimi nina wembe mkali na mkono mwepesi. Kioo sina. Haidhuru. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza! Zeituni, mke wangu, kasema basi nitulie nijiuze. Hajui biashara.

Jumanne, 2 Machi

Mteja mmoja, kumbe alikuwa anauliza njia ya gatini.

Nimechora mkasi ukutani kwa mkaa. Mkubwa, uonekane tangu stesheni. Mama mmoja akasimama, akautazama sana, akaniuliza samaki, ngege wa kukaanga, ninauzaje. Faraji alicheka mpaka akakaa chini. Manubhai ameniamuru niufute ukuta kabla ya adhuhuri. Nimefuta. Alasiri akaja mteja wa kweli, akaviona vidole vyangu vyeusi, akavuka kwa Faraji.

Jumatano, 3 Machi

Wazo zuri sana! Penye nywele nyingi chini, mpita njia atasema hapa ndipo penye kinyozi. Nimekusanya nywele nilizonyoa juma lililopita, nikaongeza alizozifagia Faraji uani, nikazimwaga zote chini ya kiti. Rundo la kutisha.

Limetisha kweli. Watu walisimama mbali wakinong'ona. Mzee mmoja akaniuliza, bila kucheka, nywele za watu ninaziwekea nini. Nikaelewa anachofikiria. Mjini hapa ukishaitwa mchawi, hata maji huuziwi. Nikashika fagio haraka, lakini upepo wa ziwani ukaniwahi. Nywele zote zimeingia kwenye gunia la sukari lililokuwa wazi.

Aliyoyasema Manubhai siyaandiki. Mengine yalikuwa Kigujarati.

Alhamisi, 4 Machi

Sikupata usingizi. Kesho, halafu Jumamosi yenyewe. Lakini leo Mungu kaniletea Ogutu!

Ogutu, mtoto wa kwanza wa Mzee Obuya, ana mashua zake ufuoni Dunga. Ufuo mzima unamjua, na nywele zake zilikuwa msitu. Nikamwambia nitamnyoa bure, kichwa chake kinitangaze. Akasema, "Sawa, bwana, lakini kata kando-kando tu. Usimalize." Alikuwa amevua usiku kucha, akalala palepale kitini.

Sasa kando-kando nani ataiona? Tangazo ni kitu cha kuonekana! Nimenyoa zote. Kichwa kiking'aa hivi, kioo cha Faraji cha nini?

Ogutu akaamka, akajipapasa. Hakunitukana. Angenitukana ningefurahi. Aliniuliza polepole, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, ni biashara tu. Akajifunika shati kichwani, akaondoka mbio. Upepo ukalipeperusha shati, kichwa nikakiona mpaka kilipopotelea sokoni.

Zeituni amesikia habari, ameacha kupika. Ameniuliza kama nimesahau kwamba Wajaluo hunyoa kichwa chote wakifiwa na mtu wao. Sikusahau. Kila mtu mjini anajua. Ila wembe ulipokuwa mkononi sikufikiria msiba, nilifikiria Jumamosi. Kisha akaniambia kwamba Mzee Obuya alikwenda Asembo tangu juzi, kwa mashua, na hajarudi.

Ijumaa, 5 Machi

Alfajiri kimya. Nikajiambia yamepita.

Jua lilipochomoza nikasikia kilio kikija kutoka upande wa Dunga. Wanawake kwanza, halafu pembe zikipulizwa, halafu ng'ombe, maana Wajaluo huswaga ng'ombe wakiomboleza. Muuza samaki mmoja alikiona kichwa cha Ogutu sokoni jana, akakimbilia Dunga: Mzee Obuya amefia Asembo, mwanawe ameshanyolewa! Ogutu alipofika na kueleza, hakuna aliyemsikiliza. Walimwambia anyamaze, uchungu umemvuruga akili. Sasa wote wanateremka gatini kuupokea mwili.

Mwili umeshuka mashuani kwa miguu yake, na kuku mkononi.

Kilio kikakatika ghafla. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kilio, maana nilijua wanakuja kwangu. Nikajificha nyuma ya magunia. Naandika waziwazi: niliogopa. Nikasikia nyayo, fimbo zikigusa sakafu, na sauti ya mzee.

"Nani aliyeniua?"

Faraji akawaonyesha gunia lenyewe.

Mzee Obuya akakaa kwenye kiti changu. Akasema kichwa kilichonyolewa bila kifo hukiita kifo, na kifo kikija kitauliza ni nani aliyekiita. Hakuna aliyecheka. Ogutu alisimama mlangoni, hanitazami. Hapo nilimwonea huruma kweli. Mzee akataka kondoo, achinjwe leo, jambo lioshwe. Kondoo tulikuwa naye mmoja, dume la Zeituni, analolinenepesha kwa ajili ya Idi tangu likiwa dogo. Nimemtoa. Zeituni alishika kamba mpaka Ogutu mwenyewe alipomwomba aiachie.

Jumamosi, 6 Machi

Habari njema! Umati wa jana, ukingoja kuniua, ulinunua tumbaku yote ya Manubhai, na sukari yote, pamoja na lile gunia. Nimevaa kanzu safi, nikaenda kusikia hukumu.

Manubhai amesema kweli, tangu afungue duka hajaona mtu aliyeleta watu kama mimi. Ndiyo maana hataki niwalete tena. Baraza ni la Faraji.

Jumatatu, 8 Machi

Nimeweka kiti chini ya ukingo wa ghala la pamba. Mvua inanyesha mgongoni mwa mteja na mikononi mwangu. Yaani ingenyesha mgongoni mwa mteja, kama angekuwepo.

Nimefikiri mchana kutwa. Kilichowaleta watu wa Dunga siku ile si wembe, ni kilio. Hakikunigharimu hata senti! Kondoo simhesabu. Na Mzee Obuya aliyeliliwa ni mvuvi tu. Akifa kinyozi je? Mji mzima utakuja kuzika, na mimi nitaketi kitini, hai, wembe mkononi. Nani atasahau?

Nimemweleza Zeituni. Nilidhani atabisha, lakini amekubali papo hapo. Ameuliza neno moja tu, eda yake aanze kuihesabu lini.

Nimemwambia kesho.