Mstari wa Bi Maisara

Jumatatu, 8 Julai

Nimechomwa na kijiti cha mishkaki, mguuni, chini ya goti. Kosa la Kheir. Meza zetu za mishkaki zimepakana hapa Mkunazini, naye alikuwa anacheka na mteja wangu. Nikainuka haraka nisikie wanasema nini, nikaangukia vijiti vyangu mwenyewe. Kidonda kidogo. Nimekipaka papai bichi lililobaki kwenye bakuli la nyama. Linalainisha nyama ya ng'ombe mzee, litashindwa na uvimbe?

Jumanne, 9 Julai

Mguu umevimba, mwekundu, una moto. Mke wangu Amne amenikokota mpaka kituo cha afya. Muuguzi, Bi Maisara, aliuliza nimepaka nini. Nikasema asali. Akanusa, akauliza papai hulainishaje nyama. Hapo nikamfundisha: lina kitu kinachoyeyusha nyuzi za nyama. Akasema kitu hicho ni kimeng'enya, na vijidudu vilivyomo mguuni mwangu vina vimeng'enya vyao. Vinayeyusha kinachoshikanisha chembe za mwili, vinafungua njia, vijidudu vinajipenyeza mpaka ndani ya chembe zenyewe. Kwa ufupi, ninalainishwa.

Nikauliza vimeng'enya hivyo vinauzwa wapi. Akanipa vidonge, akauzungushia wekundu mstari wa kalamu. Wekundu ukiuvuka, alisema, nisingoje hata saa moja, niende hospitali, la sivyo nitaupoteza mguu.

Jumatano, 10 Julai

Umevuka. Lakini Jumamosi nina harusi Bwejuu, mishkaki ya wageni mia tatu. Nikilazwa, kazi anapewa Kheir. Nimeufuta mstari kwa mafuta ya nazi, nikachora mwingine vidole vinne juu yake. Jioni Amne aliukagua, akaona haujavukwa, akamshukuru Mungu huku analia. Nikaitikia amina. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikala.

Ijumaa, 12 Julai

Mstari wa tatu. Sasa uko juu ya goti. Kalamu yangu imeisha wino, nimeazima ya Kheir. Natetemeka kwa homa, shati limelowa. Kheir aliniona, akasema nipande vespa yake anipeleke hospitali sasa hivi. Namjua huyo. Anaitaka harusi yangu.

Alhamisi, 18 Julai

Nilianguka Bwejuu hata makaa hayajashika moto. Kheir alikuwa amenifuata kwa vespa yake, ndiye aliyenifikisha hospitali. Wageni walikula wali bila mishkaki.

Mguu wameukata, juu ya goti. Daktari alisema ningekuja Jumatano wangeuokoa. Asubuhi vidole viliniwasha, nikapeleka mkono kujikuna, nikagusa shuka. Nililia, sitaficha.

Walipouosha mguu kabla ya kuukata, mistari yote mitatu ilionekana. Mafuta ya nazi hayafuti wino vizuri. Amne aliiona. Kila siku analeta uji, anakaa kitako pembeni ya kitanda, amenipa mgongo.

Leo daktari amenichorea mstari mpya pajani. Wekundu usipouvuka, Jumatatu naruhusiwa. Jumanne ni sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, umati mzima utataka mishkaki, na Kheir ameshasema anakwenda.

Jioni hii wekundu umeugusa mstari. Kalamu ya Kheir ninayo bado, chini ya mto.