Kupanda Mlima Usio na Shamba

Mwaka ule wa themanini na tatu, sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni na sukari ya kusikia kwa jirani, habari ilitua kwenye kahawa ya Mama Bhoke, stendi ya Kahama: Mwalimu Herman amechaguliwa kwenda Bulgaria kupanda milima pamoja na vijana wa nchi rafiki. Aliyeileta ni Apolinari, fundi baiskeli. Wenzake walimwita Redio, maana hakuzimika hata betri zikiisha.

Mwenzao mmoja, Kamili, alishusha kikombe kabla hakijafika mdomoni. Huyu ndiye Duara, jina alilopewa kwa kuwa nusu ya umri wake ilipotelea ndani ya maduara, mashimo ya dhahabu ya Geita. Alitaka kujua huko juu kuna nini.

"Theluji," Redio akamjibu.

"Inauzwa?"

"Haiuzwi."

"Inaliwa?"

"Hailiwi."

"Basi ana ng'ombe wake kapotelea huko."

Mzee Januari, maarufu kama Kanali, alicheka kwa pua. Yeye alipelekwa Burma na Mwingereza enzi za vita, akapanda milima kwa sababu nyuma yake kulikuwa na afande mwenye bunduki. Anayepanda kwa hiari, alisema, apelekwe kwa mganga, asipewe pasipoti.

Hawajamaliza, Herman mwenyewe akatokea, gunia la mchanga mgongoni, jasho linamtiririka. Akaamkia.

"Marahaba, ng'wanawane," Kanali akaitika kwa Kisukuma, kama baba kwa mwanawe. "Mzigo huo unaupeleka wapi?"

"Popote, mzee. Nauzoea tu."

Kijiwe kikavunjika mbavu. Duara akasema punda wote wa Kagongwa wanamwomba Mungu wapate wa kuwapokea, huyu anajitwisha bure. Herman hakununa. Alieleza kwamba kila mmoja ameambiwa ajitafutie nguo za baridi na kamba imara, na atakayefika Dar es Salaam mikono mitupu nafasi yake atapewa mwingine. Yeye alikuwa na raba za turubai na suruali mbili. Madukani kulikuwa na rafu na vumbi.

"Nenda na kaptula," Redio alimwambia. "Wazungu nao waone magoti ya Kisukuma."

Lakini alasiri ileile Redio alizunguka nyuma ya nyumba ya Herman, kule Nyahanga, akiwa na sweta la sufi kwapani. Mke wa Redio, Coletha, alilifuma masika nzima. Redio mwenyewe hakujua vizuri kilichomsukuma. Labda ni kwamba naye ujanani alitamani kufika mahali ambapo baiskeli haifiki. Alimwapisha Herman asimtaje kwa mtu, na tangu siku hiyo akawa wa kwanza kumkejeli na wa mwisho kunyamaza. Nyumbani, Coletha aliendelea kumlaani mwizi aliyeanua sweta lake.

Siku ya safari wote watatu walikuwa stendi. Walisema wamekuja kucheka. Ilikuwa miezi ile ya msako wa walanguzi, na mgambo mmoja, Marselino, alikuwa akipekua kila mzigo wa basi la Shinyanga. Alifungua begi la Herman akaanza kutoa vitu: koti zito la kijeshi, la kale, kamba ndefu ya katani yenye tope jekundu, halafu sweta, jipya kabisa.

"Koti la jeshi. Kamba ya wachimbaji wa wizi. Sweta ambalo duka la kijiji wala la mkoa halina. Mwalimu, umevitoa wapi?"

Herman aliinamisha kichwa. Hakumtaja mtu. Marselino akamwamuru akae chini, na dereva, asiye na muda wa kesi za watu, akawasha injini.

Redio alipiga hesabu. Akisema, kijiwe kitamla nyama, na Coletha atajua mwizi wake analala upande gani wa kitanda. Asiposema, mwalimu hatafika hata Isaka.

"Sweta ni langu," alisema. "Nimempa mimi."

Kisha Kanali akakohoa, akasema koti hilo alipewa na Mwingereza baada ya vita, na mwenye swali amuulize yeye. Akabaki Duara, ambaye kwake kuidai kamba ilikuwa sawa na kujipeleka mahabusu.

"Kamba ni yangu," alisema, akitazama chini. "Ya kufungia mbuzi."

"Urefu wote huu?"

"Mbuzi wangu anapenda kutembea."

Marselino alicheka kabla hajajizuia, na mgambo akishacheka hawezi tena kukamata mtu. Akavirudisha vitu begini. Herman alirukia mlangoni basi likiwa limeshaanza kutembea, akawapungia mkono mpaka vumbi likamfunika.

Watatu wale walirudi kwa Mama Bhoke bila kutazamana. Kahawa ikamiminwa, ikanywewa. Duara ndiye aliyeanza. Akasema mzee anayetoa koti la vita kwa mtu anayekwenda kuchezea theluji, jua la Burma halijamtoka kichwani. Kanali akajibu kwamba ni afadhali jua la Burma kuliko fundi anayemvua mkewe sweta ili amvishe mwalimu.

Redio aliinuka, akakung'uta suruali.

"Semeni mtakavyo," alisema. "Ila mtu yule akianguka huko, mimi nilitoa sweta. Sweta halikatiki."

Wote wawili wakamgeukia Duara. Duara akaweka kikombe chini, akamuuliza Mama Bhoke kwa sauti ndogo kama Bulgaria kuna milima mirefu sana.