Bunduki ya Babu na Firigisi ya Kanga

Alhamisi, 26 Juni
Nimeishusha bunduki ya babu kutoka darini. Mitutu miwili, kazi ya Wabelgiji! Nimeisugua kwa nusu chupa ya mafuta ya kupikia mpaka inang'aa. Fidélie amenuna. Hajui ameolewa na shujaa.

Jumatatu ni sikukuu ya Uhuru, tunakula kwa mama mkwe, Mama Julie, huko Buluo. Mkwe anayeleta nyama ndiye anayepewa firigisi mbele ya ukoo wote. Kila mwaka ni Isidore, mume wa dada yake Fidélie. Anaitafuna polepole, akiniangalia. Mwaka huu basi! Nitaleta kanga wa porini, na nitatafuna mimi.

Ijumaa, 27 Juni
Nimenunua boksi la risasi kwa Swedi sokoni. Nyekundu, maridadi. Zimeandikwa 70.

Isidore akatokea, kama kawaida yake. Akageuza bunduki, akanionyesha 65 iliyochongwa chini ya mitutu. Eti chemba, yaani tundu la kukalia risasi, ni fupi, milimita 65 tu. Eti mdomo wa risasi umekunjwa. Ikilia unakunjuka, urefu unafika hizo 70, na humu hauna pa kukunjukia. Chuma kitapasuka. Akasema ziko risasi fupi, zenye nguvu kidogo, za bunduki za zamani kama hii. Ataniagizia Lubumbashi, zitafika wiki ijayo.

Wiki ijayo! Sikukuu imekwisha!

"Beau-frère, shemeji yangu, ile bunduki itakuua, mi nakuambia," akasema. Wivu mtupu.

Jumamosi, 28 Juni
Nimemkamata! Nimepima risasi kwa utepe wa cherehani wa Fidélie. Milimita hamsini na nane! Hiyo sabini iko wapi? Nimeitia kwenye bunduki, imeingia yenyewe, na nafasi imebaki. Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Fidélie hakucheka. Amesema nikiiweka hiyo bunduki begani, yeye na watoto wanarudi kwa mama yake. Kwanza niifunge kwenye tairi la lori, nivute kamba nikiwa mbali. Nimekubali. Wanawake lazima uwabembeleze.

Jumapili, 29 Juni
Baada ya misa tumekwenda porini. Tairi, bunduki, kamba. Mimi nyuma ya kichuguu, Fidélie ameshika shati langu. Nikavuta.

Mungu wangu! Mtutu wa kulia umepasuka kama ganda la karanga, pale karibu na mahali pa kuweka shavu. Vipande vya chuma vimepita juu ya kichuguu vikiimba. Fidélie alinipiga mgongoni huku analia, kisha akanikumbatia, kisha akanipiga tena. Nami nimelia kidogo. Vumbi lilikuwa jingi.

Jumatatu, 30 Juni
Isidore ameleta kanga wanne. Mimi nimeleta mkate.

Mama Julie akasimama na sahani ya firigisi. Isidore akajipangusa midomo. Mama akampita! Moyo wangu ukaruka, nikainuka nusu. Akanipita na mimi. Akampa Fidélie. Mwanamke, firigisi!

"Huyu ndiye aliniletea mukwe muzima," akasema.

Vigelegele! Isidore alibaki na mdomo wazi. Nilifurahi mpaka nikapiga meza. Fidélie akaitafuna polepole, akiniangalia.

Jumanne, 1 Julai
Nimeamka naimba. Kwa nini sikufikiria mapema? Bunduki ina mitutu miwili! Wa kushoto ni mzima kabisa, na boksi la Swedi bado karibu limejaa. Bila shaka ule wa kulia ulikuwa mgonjwa tangu enzi za babu. Krismasi, firigisi ni yangu!

Ningepima tena sasa hivi, lakini Fidélie ameficha utepe. Haidhuru. Nitapima kwa kidole.