Wapwa Sitini na Mmoja wa Mheshimiwa

(Hotuba ya Mheshimiwa Yaw Asiamah-Poku, mkuu wa manispaa ya Asuobini, Ghana, katika uzinduzi wa leseni za nyumba za kupanga.)

Nana Mama Malkia wa ukoo wetu na msemaji wako, waheshimiwa madiwani, wachungaji na maimamu, wenye nyumba mlioketi kivulini na wapangaji mliosimama juani, wadau wote kwa nyadhifa zenu, ambazo nikizitaja tutalala hapa, itifaki imezingatiwa. (Makofi, kivulini.)

Leo tunazindua Mpango Mkakati Jumuishi wa Kidijitali wa Urasimishaji wa Sekta ya Upangishaji, niliouasisi mimi, nikauratibu mimi, na nikajipongeza kwa niaba yenu, ambao chini yake kila mwenye nyumba atalipa cedi mia tatu kwa chumba kwa mwaka, atakaguliwa paa, choo na nyaya za umeme, na asiye na leseni hatamtoa mpangaji hata mmoja. (Vigelegele, juani.)

Hata hivyo serikali hii ni sikivu, na imetoa msamaha: nyumba ya ukoo, wanamokaa watoto wa dada wa mwenye nyumba, hailipi ada wala haikaguliwi. Utafiti wetu wa kina umebaini kwamba asilimia mia moja ya nyumba za Asuobini ni za ukoo, takwimu ambayo hakuna manispaa iliyowahi kuifikia, na inayodhihirisha jinsi tunavyopendana. Mimi mwenyewe, katika nyumba zangu nne, nimeandikisha wapwa sitini na mmoja. (Sauti: "Dada yako alipumzika lini?")

Naona mkono. Mama, kwa ufupi. (Anasema anaitwa Akyaa Konamah, fundi cherehani, na amepanga chumba katika nyumba ya Mheshimiwa. Alilalamikia paa linalovuja. Ameambiwa ahame kesho na wanawe watatu.)

Asante. Leseni ingekulinda, lakini nyumba yangu imesamehewa, na kwenye fomu wewe si mpangaji, ni mpwa. Mpwa hapewi notisi. Mjomba akisema toka, anatoka.

("Sawa, mjomba," anasema Akyaa. "Umeandika kwa mkono wako kwamba mimi ni mtoto wa dada yako. Basi nyumba ya ukoo ni yangu pia, na sitoki. Na kwa mila yetu mtu hurithiwa na watoto wa dada yake: siku ukifa tutarithi sisi sitini na mmoja, si hao wanao." Watoto wa Mheshimiwa, safu ya mbele, wanatazamana. Mama Malkia, ambaye ndiye husema nani ni wa ukoo na nani si wa ukoo, anaomba aletewe fomu.)

Nana, tusifike huko. Nahitimisha. Nyumba salama! (Fomu inaletwa.) Leseni ni maendeleo! (Mama Malkia anaisoma.) Nawashukuru madiwani, ambao sheria hii bado hawajaletewa, nawashukuru wakaguzi kumi na wawili, ambao hatujawaajiri, naishukuru ofisi ya leseni, ambayo haipo, na ninyi mliojaza fomu, ambazo tulizichapa kwa ajili ya picha, na hivyo mpwa yeyote aliyemo humo si mpwa. Asanteni.

(Msemaji wa Mama Malkia anasimama. Anasema Nana hajui habari za sheria za manispaa. Amesikia tu mtu akiwatambua watoto wa dada yake mbele ya ukoo, na maneno hayo hayafutwi. Akyaa arudi nyumbani kwake, na mjomba atafute fundi wa paa.)