Kila Kitu na Kivuli Chake

Jumatatu, 18 Desemba

Mama ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Anakwenda kushika zamu ya mkunga mwenzake kwenye hospitali ya mbali, siku tano nzima, na sikukuu ndiyo hii inabisha hodi. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akatoa hukumu. Kwamba Jumamosi jioni akirudi, akute nyumba imekaa kama nyumba, tayari kwa wageni. Kwamba mimi ndiye mkubwa, nyumba iko mikononi mwangu. Nikiweza, chumba cha Kaka ni changu. Nikishindwa, kinakwenda kwa Kitinda na cherehani yake.

Chumba cha Kaka! Kaka ameoa, amehama, ameacha kuta nne, dirisha moja na mlango unaofungwa kwa ndani. Nina miaka ishirini na sita. Nina shahada moja na nusu. Sijawahi kufunga mlango kwa ndani ila wa choo, na hata huko hugongewa.

Tasnifu yangu inahusu ukimya. Sura ya pili imekwama tangu Aprili. Haiandikiki katika chumba kimoja na mtu anayeimba huku akipiga mswaki. Mdogo wangu Kitinda huimba huku akipiga mswaki. Sijui anawezaje. Anajifunza ushonaji kwa fundi wa mtaani, anarudi na nyuzi nywelini, anavua nguo zinabaki sakafuni kama gamba la nyoka. Na watu wote wanampenda!

Nitashinda. Nina mpango.

Jumanne, 19 Desemba

Mpango nimeutoa kwenye gereji anakofanya kazi Kaka. Kule kila spana imechorewa umbo lake ukutani. Spana ikitoka, kivuli kinabaki kimetoa macho. Hakuna anayeuliza kitu kiko wapi. Ukuta unajibu.

Nimenunua kalamu nene za wino mweusi, nimeshinda jikoni nachora. Mwiko. Upawa. Chujio. Visu vitatu kwa ukubwa. Vifuniko kumi na kimoja vya sufuria. (Sufuria zenyewe ni sita. Sitaki kujua.) Kisha viatu kila jozi mlangoni, vikombe mezani, ndoo bafuni, na miguu minne ya kiti cha Bibi pale sebuleni. Kwenye kalamu imeandikwa kuwa wino haufutiki. Vizuri sana. Utaratibu wa kufutika si utaratibu.

Jioni Kitinda ameosha vyombo, akatundika mwiko kwenye kivuli cha upawa. Makusudi! Nimemwonyesha tofauti kwa kidole. Akasema, "Lakini Profesa, si vyote vinakoroga?" Nimetoka jikoni nisije nikatamka neno la kujutia.

Sebuleni nimekuta kiti cha Bibi kiko hatua nne kutoka kwenye alama zake. Nimekirudisha. Nimegeuka, amekihamisha. Bibi hufuata jua kutoka dirisha hadi dirisha, ndiyo ratiba yake pekee. Nimemweleza kwa upole uliopitiliza kwamba kila kitu ndani ya nyumba kina mahali pake. Akanitazama. Akamaliza kunitazama. Akasema yeye si spana.

Jumatano, 20 Desemba

Shangazi!

Hakupiga simu. Ameshuka na mabegi manne na wajukuu zake mapacha wenye miaka sita. Ni dada wa marehemu baba, hafukuziki. Hata viatu hajavua, ameshauliza kama msomi wetu bado anasoma tu, na hivyo vitabu haviishi? Nimejibu kwamba viko mwishoni. Akasema hata mwaka juzi vilikuwa mwishoni.

Mabegi yake hayana vivuli. Nimeyapanga ukumbini, nikayachorea sakafuni. Shangazi akauliza kama tunaogopa yatatoroka. Kitinda alicheka mpaka akakaa chini. Juu ya alama za viatu!

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimembandikia Shangazi zamu ya kufagia kuanzia Ijumaa. Ameisoma mpaka mwisho, akanisifu mwandiko.

Saa tisa kimya kimetanda. Ningejua! Mtu mwenye shahada moja na nusu kuhusu ukimya angepaswa kujua kwamba ukimya wa watoto haupo. Nimetoka, nimewakuta ukumbini na kalamu yangu. Mmoja ameegemea ukuta, mikono juu, mwenzake anamzungushia wino kuanzia kisigino. Ukuta mzima! Watoto saba weusi, bila sura, kama watu waliopita ukutani wakiwa mbioni. Nimeuliza kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo nani aliyewafundisha ushenzi huu. Wote wawili wakaninyooshea kidole. Wakaeleza kwamba wanamweka mtu mahali pake.

Nimesugua kwa sabuni. Kwa mafuta ya taa. Kwa siki. Kwa hasira. Hasira ndiyo iliyofua dafu kuliko vyote: imetoa rangi ya ukuta, ikaacha wino.

Zimebaki siku tatu. Bado ninaongoza. Chumba cha Kaka ni kitupu, safi, kinaningoja.

Alhamisi, 21 Desemba

Naandika nikiwa nimevaa kanga ya Bibi kwa kuwa nguo zangu zote zimelowa. Nitasema yaliyotokea bila kumwonea mtu.

Kilikuwa kimebaki chombo kimoja: sufuria kubwa ya sikukuu. Haina mahali. Inakaa sakafuni, kila apitaye anaipiga teke. Nikachora kivuli chake juu ya sinki. Mviringo mzuri, mzuri kuliko yote. Nikachukua nyundo na msumari wa inchi nne, kwa sababu sufuria ile ni nzito kama dhambi.

Kitinda akatokea mlangoni, akaniuliza, "Dada, bomba si linapita hapo?" Nikamwambia nimepima. Nikamwambia nimechora. Nikamwambia arudi kwenye nyuzi zake.

Pigo la kwanza, plasta. Pigo la pili, tofali. Pigo la tatu, maji usoni!

Si kudondoka. Kuruka! Mkuki wa maji kutoka ukutani mpaka ukuta wa pili. Nikaziba kwa kidole, yakatokea pembeni ya kidole. Nikaziba kwa mgongo. Nikapiga kelele koki kuu iko wapi. Miaka yote hii ndani ya nyumba hii na hakuna anayejua koki kuu iko wapi! Shangazi ndiye aliyekwenda kuikuta nyuma ya nyumba, chini ya mawe, baada ya dakika ishirini. Anasema alifuata akili ya kawaida. Amelisema hilo mara nne.

Bibi alichagua saa hiyohiyo, miguu juu ya kiti, kutamka kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nayazoa!

Unga, mchele, viti, magodoro, mabegi manne, vitabu vyangu, vyote vimekimbiziwa mahali pekee pakavu. Chumba cha Kaka. Kimejaa mpaka darini. Mlango haufungiki, si kwa ndani wala kwa nje.

Fundi bomba amekuja na patasi, amevunja ukuta, ametoboa tundu la kumtosha mbuzi. Katikati ya vivuli vyangu! Kisha akauliza ni nani aliyeamua kutundika sufuria kwenye bomba. Nami nikamuuliza ni fundi gani anayezika bomba ukutani bila kuweka alama. Mstari mmoja tu! Kama mjenzi angechora mstari mmoja ukutani, leo tungekuwa wakavu. Watu wanasema kuta zina masikio. Za kwetu zina mishipa, na hakuna aliyetuambia. Mpango wangu haukushindwa, umethibitika! Nimemweleza hayo yote alipokuwa akifunga bomba jipya. Yeye naye alikuwa akinieleza kitu, kwamba bomba hilo linaendelea mpaka chumba cha yule kaka aliyeoa, linapanda ukuta wa dirishani, upande wa... Sikusikia upande gani. Nilikuwa sijamaliza kuhusu mjenzi.

Ijumaa, 22 Desemba

Nimepaka rangi nyeupe jikoni tangu alfajiri. Kufikia saa nne wino umepenya. Nimepaka mara ya pili. Umepenya. Sasa vivuli ni vya kijivu na vinaonekana kama mizimu ya vyombo vilivyokufa kifo kibaya. Mwiko unanitazama. Ukumbini watoto saba wananitazama.

Sura ya pili imelowa. Nimeianika kwenye kamba, ukurasa kwa ukurasa, kati ya soksi za mapacha. Shangazi amesimama kwenye kamba akasoma, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akauliza: ikiwa ukimya peke yake una kurasa zote hizi, nikija kuandika kuhusu kelele itakuwaje?

Nimeingia chooni. Nimelia kidogo. Wamegonga.

Kitinda amekuja jikoni kuniomba vipimo vya ukuta. Nimemnyima. Najua nia yake, anataka kumwonyesha Mama ukubwa wa uharibifu kwa sentimita. Akapima kwa shubiri zake mwenyewe, akiimba. Akaenda.

Mama anarudi kesho.

Jumamosi, 23 Desemba

Hasira zimenijaa mpaka kwenye kucha. Afadhali wangeniharibia! Wameniokoa.

Kitinda hakulala vizuri jana, najua kwa kuwa cherehani ilikuwa inanguruma sebuleni nilipopitiwa na usingizi. Asubuhi akaingia jikoni na kitambaa kirefu begani, cha sare kuukuu za Mama, nyeupe na buluu, zimeunganishwa. Pazia. Pana kama ukuta. Lina mifuko! Mifuko midogo ya vijiko, mirefu ya miko, mipana ya vifuniko. Akalining'iniza kwenye ubao wa zamani wa pazia la dirisha, bila msumari hata mmoja mpya. Tundu likapotea. Mizimu ikapotea. Mapacha wakatumbukiza vyombo popote walipotaka, na popote walipotaka pakawa sawa. Shangazi akafagia nyumba nzima bila kuangalia zamu. Bibi akatoa kiti chake katika chumba cha Kaka, akakiweka juani. Vitu vyote vikarudi vilikotoka kama kondoo wanaojua zizi.

Yote ndani ya saa mbili tu. Nilisimama katikati na ratiba mkononi, sina wa kumpa.

Mama alifika saa kumi na moja. Akavuta pumzi. Akagusa mifuko ya pazia mmoja mmoja. Akauliza nani kafanya. Kitinda akasema, "Wote." Wote! Sitamsamehe hilo neno. Kwa muda wa kama dakika mbili chumba kilikuwa changu, nilikiona, nilishakipangia meza.

Kisha Mama akainama kuvua viatu, akaona sakafu imechorwa viatu. Akainua kichwa. Akatazama ukumbini, watoto saba mikono juu. Akaenda jikoni polepole, akashika pindo la pazia, akalifunua.

Kimya. Kimya kamili, cha kwanza ndani ya nyumba hii tangu Aprili, na sikuweza kukiandika!

Mama akauliza tundu hilo ni la nani. Nikasema ni la mjenzi. Mapacha wakasema ni langu.

Akacheka. Aliegemea sinki akacheka mpaka akajifuta macho, na Shangazi akamweleza kuhusu koki kuu, kwa mara ya tano. Ningependelea kuchapwa. Kisha akanitazama, macho bado yana maji, akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma, kwamba alichoomba ni nyumba, si gereji. Chumba ni cha Kitinda. Akaninyang'anya kalamu.

Naandika kitandani, nimegeukia ukuta. Upande wa pili wa chumba, kitanda cha Kitinda bado hakijahama. Ameimba kidogo, akaona sijibu, akanyamaza mwenyewe.

Jumapili, 24 Desemba

Asubuhi Kitinda amenigongea. Amegonga! Kwenye mlango wa chumba ambacho bado ni chake pia. Akasema kwamba yeye yuko kwa fundi wake kila siku mpaka jioni, na cherehani haili nafasi. Kwamba meza yangu inaenea vizuri chini ya dirisha la chumba cha Kaka. Kwamba mchana kutwa ni changu. Akaniwekea ufunguo mkononi. Akaongeza kwamba hataimba humo, ataimbia bafuni.

Nilitaka kumshukuru. Maneno yalikuja, yakakosa mahali pa kukaa. Nikamwambia ana uzi nywelini. Nikamtoa huo uzi.

Sasa wote wametoka kwenda sokoni kwa ajili ya wageni wa kesho. Niko ndani. Meza iko chini ya dirisha. Sura ya pili iko juu ya meza, imekauka, imejikunja kama majani. Nimefunga mlango kwa ndani. Nimeufungua, nikaufunga tena, kwa raha tu. Kimya! Hakuna anayegonga.

Tatizo ni moja tu. Cherehani imekaa upogo. Si kosa lake, haijui mahali pake. Mama amechukua kalamu, lakini nilinunua mbili. Nimeichorea miguu minne. Nimechora meza. Nimechora kiti changu. Kumebaki mkoba wangu wa vitabu, uko sakafuni, mzito, utapigwa mateke. Unahitaji kutundikwa hapa ukutani, karibu na dirisha.

Nimekumbuka bomba. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Fundi alisema linapanda upande mmoja wa dirisha, kulia au kushoto. Nimelifikiria kwa utulivu, kama mtu aliyesoma. Bomba linatoka jikoni, jikoni ni kulia, na mjenzi yeyote mwenye akili hupita njia fupi. Nimechora mstari mweusi upande wa kulia, kutoka sakafuni mpaka darini, nikaandika BOMBA kwa herufi kubwa, ili asije mtu akasema hakuambiwa.

Kwa hiyo kushoto ni salama.

Msumari ni wa inchi nne. Nyundo iko mahali pake: mkononi mwangu.