Flashi ya Singo ya Yusra

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimekabidhiwa amana. Dada yangu Mize amenipa flashi yenye video ya singo ya binti yake Yusra, ile sherehe ya wanawake ya kumsinga bibi harusi, niifikishe kwa Mama yetu, Bi Mwanakheir, huko Mkokotoni Jumamosi. Mama alivunjika mguu mwezi uliopita. Harusi ya mjukuu wake wa kwanza imempita akiwa kitandani, na Yusra keshaondoka na mumewe kwenda Maskati. Siku ya singo simu zote ziliwekwa kwenye beseni mlangoni, ikapiga kamera moja tu. Nakala ni hii, hakuna nyingine.

Mize ameniapisha nisiitazame. Ni wanawake peke yao, vichwa wazi. Nimeapa. Akasema pia nisiichomeke popote, niibebe tu. Hilo sikuliapia.

Maana nina mpango. Biashara yangu ya video, Ayoub Dijitali! Naisafisha video, natia tangazo langu mwanzoni. Kwa Mama watajaa wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja ana binti wa kuozwa. Kazi zitamiminika. Nabeel wa steshenari ya Mji Mkongwe, anayejiita fundi, atafunga duka.

Nimeitia flashi mfukoni pamoja na halua yangu ya jioni, nikarudi Kikwajuni. Nimefunika kioo cha kompyuta kwa kanga, nikachomeka. Ikalia ting. Nikafurahi. Ikalia tong. Imekatika.

Jumanne, 11 Februari

Ting, tong. Ting, tong. Nimehesabu mpaka thelathini na mbili, nikaacha kwa ajili ya afya.

Nimejaribu matundu yote mawili ya mbele. Ya nyuma yamegeukia ukuta na kuna mjusi, tunaheshimiana. Nimegundua kwamba ukiibana flashi kwa kidole kuelekea dirishani, inashika. Ukikohoa, inaachia. Nimekaa hivyo saa nzima, kidole kimebana, mkono wa pili haufiki kwenye kipanya. Nikaifunga kwa mpira wa suruali. Ikaruka mpaka uvunguni.

Suruali sasa hainikai.

Jumatano, 12 Februari

Jirani yangu Himid amesema hivyo ni virusi. Amesema kwa uhakika, na yeye anauza samaki. Nimeifukiza udi, vyetezo viwili, madirisha nimefunga. Virusi havikutoka. Nilitoka mimi, nakohoa.

Flashi inakatika vilevile, ila sasa inanukia.

Mize amepiga simu kuuliza amana yake. Nimemwambia iko salama, tena imefukizwa. Akakata simu. Nadhani amefurahi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwa Nabeel. Naandika hili kwa uchungu. Nimemwambia flashi ni ya rafiki.

Akataka kuifungua. Nikaruka mbele ya kioo, nikalazimika kumweleza kilichomo. Nabeel ni mtu wa heshima zake, sitomnyima hilo. Papo hapo aligeuka. Na mimi nikageuka. Akachomeka kwa kupapasa, tukabaki wanaume wawili tumeipa kompyuta mgongo, tunasikiliza. Ting. Tong. Akasema kwa mlio huo, tundu halina nguvu. Nikasema kwa mlio huo, flashi imechoka. Tumebishana robo saa. Mteja aliingia, akatutazama, akatoka.

Akaja dada yake, Alia, ndiye anayetengeneza hasa, Nabeel hupokea sifa. Alia hana haja ya kugeuka. Akaichukua flashi, akaisogeza karibu na jicho, akauliza nani alikuwa anakula halua.

Swali halikuwa la kitaalamu.

Amekikwangua kichwa cha flashi kwa kijiti chenye pamba na spiriti. Imetoka halua, iliki na yote. Akachomeka. Ting. Tukangoja tong. Haikuja. Alia akasema halua ikiganda pale, umeme haupiti sawasawa, ndiyo maana inakatika. Nikamwambia nilikuwa nalihisi hilo tangu Jumatatu.

Kisha akataka namba ya huyo rafiki, nikampa ya Mize. Akampigia, akatutoa nje nusu saa nzima. Nilisikia jina langu mara tatu, na kicheko. Wakati wa kuondoka akanipa onyo: sasa ibebe tu, usifanye kitu.

Watu wanapenda sana kuniambia hivyo.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala nimerikodi tangazo. Kanzu, koti, kofia ya vito. Nimerudia mara kumi na moja, kwa sababu kila nikifika kwenye namba ya simu naisahau. Sijawahi kujipigia.

Kuchagua moja bora nitachagua siku nyingine. Nimeamua kutia zote. Kompyuta ikasema nafasi haitoshi. Hapa ndipo fundi huonekana. Nimeinua kona ya kanga, majina tu, picha sikutazama, kiapo kiko palepale. Mna mafaili mawili. Dogo limeandikwa YUSRA. Jingine, kubwa mno, lina namba tupu. Video ya bibi harusi haiwezi kuitwa namba. Hizo ni takataka za dukani kwa Nabeel. Nimezifuta.

Tangazo limeingia bila tong hata moja. Nimelala usingizi mzuri.

Jumamosi, 15 Februari

Mkokotoni. Mama amelazwa sebuleni, mguu juu ya mto, kanga mpya. Nimempa shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yako kwenye TV. Wanawake wamejaa mpaka ukumbini. Mize, aliyeamua ghafla kuja na yeye, amechomeka, mimi nimetolewa nje, nikakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani.

Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Karibuni Ayoub Dijitali, namba yetu ni sifuri saba saba... ngojeni. Kisha tena, karibuni Ayoub Dijitali. Mara ya nne walikuwa wanacheka. Mara ya saba mmoja aliomba maji. Mara ya kumi na moja nilipatia namba yote, na hakuna aliyeisikia.

Kisha video ikaisha. Nikamsikia Mama anauliza: "Na Yusra yuko wapi?"

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Lile faili dogo lilikuwa orodha ya waalikwa, na kubwa nimeshalifuta. Niliona aibu, naandika kama ilivyo. Nilitaka kuondoka kwa miguu mpaka mjini.

Nikasikia zipu ya mkoba. Mize akasema Alia alimtolea nakala Alhamisi, kwa tahadhari. Hakusema tahadhari ya nani. Halafu ngoma, vigelegele, na Mama anaita, "Yusra! Mwanangu Yusra! Mtazameni alivyopendeza!" Alikuwa analia huku anapiga makofi. Na mimi nililia kidogo, uso ukutani. Hakukuwa na moshi wa kusingizia.

Baadaye wakaniita ndani. Mama akanishika mkono, machozi hayajamkauka, kicheko hakijamwisha. Akasema: "Ayoub, mwanangu, nna miaka sabiini na nane. Sijapata kuona mtu kama weye."

Mbele ya watu wote. Nilimbusu mkono kwa furaha.

Jumapili, 16 Februari

Tangazo limefanya kazi. Wanawake wanne wa Mkokotoni wameomba kulitazama tena, na hawakuulizia video nyingine.

Asubuhi nimekwenda kwa Nabeel kuagiza kadi za biashara, mia mbili. Juu, Ayoub Dijitali. Katikati, namba ya simu, nimempa Alia aihakiki. Chini, kwa herufi za kuinama: "Sijapata kuona mtu kama weye." Bi Mwanakheir, mteja, Mkokotoni.

Nabeel aliyasoma maneno hayo mara mbili, akauliza kama kweli bibi huyo aliyasema. Nikamwambia ndiyo, tena huku Mama amenishika mkono. Akachapa, mabega yanamtikisika. Kisha ameniomba kadi moja aibandike dukani mwake, mahali ambapo kila mteja ataiona.

Nadhani wivu umeanza kumtoka.